Barua ya Wakiuru

Mzazi mwenye mtoto jeshini, soma yaliyompata Rosaline wa Kitale, halafu ukaangalie pale umeweka makaratasi ya mtoto wako.

Rosaline alikuwa na wasichana wawili. Wa kwanza alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, kama Wakikuyu wanavyofanya. Wa pili akaitwa Wakiuru, jina la mama mzazi wa Rosaline. Kwa hivyo tangu akibebwa mgongoni Rosaline alimwita Maitu, yaani mama yangu. Msichana alipojua kuongea akaanza kuitika, "Unasemaje, mtoto wangu?" Wakacheka, na ikabaki hivyo hadi ukubwani.

Huyo Wakiuru ndiye mwanamke wa kwanza kupewa helikopta ya jeshi katika kikosi chao. Siku ya kwanza ya mafunzo hakukuwa na ovaroli ya kumtosha. Akakunja miguu ya ovaroli ya mwanaume, akaishona mwenyewe. Wenzake wakamwuliza, "Dada, unajua hii ya kuruka si cherehani?" Leo ndiye anawafundisha. Na udongo ulipoporomoka juu ya Cheptais, alishuka katikati ya shamba la vitunguu, akabeba majeruhi mara sita.

Lakini mtoto akiwa juu hivyo, mama yake halali. Rosaline alishuku kila mtu, na zaidi Hesbon Wakhungu, mwalimu wa Bungoma aliyetaka kumwoa Wakiuru. Mwanaume gani huyu anakuja kwako, hakupi mkono, anasalimia akiangalia ukuta? Na kila mara, akilitamka jina kwa lafudhi ya kwao, "Wakiulu ataruka lini?" Anataka kujua ya nini?

Jumanne moja simu ikalia. Ilikuwa sauti ya heshima, Kikuyu safi kabisa.

"Mama, mimi ni Sajini Kimotho, wa kikosi cha Wakiuru. Tunamchunguza yule mwalimu. Anauza habari za safari za helikopta kule Suam, zinavuka mpaka."

"Nilijua!" Rosaline akasema, hata hajauliza sajini wa wapi. Aliyesikia lugha ya nyumbani ikimsema mtu aliyekuwa akimshuku, atauliza nini tena?

"Shida ni kwamba Wakiuru naye ametajwa. Tuletee vyeti vyake na ile barua halisi ya kumwita jeshini, tumsafishe. La sivyo, atanyang'anywa mabawa ya urubani. Na usimpigie, simu yake inasikizwa."

Kesho yake Rosaline alikuwa Bungoma, kwa hoteli ndogo ya chai karibu na soko, bahasha iko ndani ya sweta. Kimotho alikuwa na nywele fupi na viatu vya kung'aa. Mbona basi ameketi akitazama mlango? Ah, askari lazima atazame mlango, Rosaline akajijibu. Akatoa bahasha, akaiweka mezani, lakini mkono ukabaki juu yake.

"Umefanya vizuri, mama. Hata Wakiuru amekuandikia kwa simu ya mwenzake. Soma."

Akamsogezea simu yake. Rosaline akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. *Mum, mpe Sajini kila kitu. Usiniache. Wakiuru.*

Akarudi kwa neno la kwanza. Mum. Miaka thelathini na mbili hajaitwa hivyo na huyo mtoto, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa amekasirika.

Akavuta bahasha, akaiweka kwa kiti, akaikalia.

"Mama?"

"Ngoja kidogo." Akampigia mtu mmoja tu wa Bungoma ambaye namba yake alikuwa nayo. "Mwalimu, niko kwa hoteli ya chai karibu na soko. Kuna sajini hapa."

"Mama, unaharibu uchunguzi!"

"Si unamchunguza? Mchunguze basi, anakuja."

Kimotho akasema anaenda kunawa mikono. Labda ananawa mpaka leo.

Hesbon alifika na vumbi la chaki kwa mikono ya shati. Hakumpa mkono. Aliketi meza ya pili, uso kando, akasikiza yote.

"Kwa hivyo, mama, ulikuja Bungoma kuniuza."

"Nilikuja kukuuza," Rosaline akakubali. "Na wewe, mbona huniangalii?"

"Kwetu mama mkwe hashikwi mkono wala haangaliwi usoni. Ni heshima, mama. Nilidhani Wakiulu alikuambia."

Akamweleza kwamba kule Kimilili wazazi walikuwa wameonyeshwa na matapeli barua bandia za kuitwa jeshini, zimebandikwa picha ya Wakiuru ya gazetini, ati ndiye anawasaidia vijana kuingia. Zilikuwa zinashukiwa kwa sababu mhuri wa barua hizo ulikuwa mbaya. Sasa matapeli hao walikuwa wanatafuta barua halisi ya kunakili.

Rosaline akahisi ile bahasha chini yake inachoma. Kazi ya Wakiuru yote ilikuwa ndani yake. Hata hivyo hakuinuka.

"Na kila siku kuuliza ataruka lini?"

"Nisilale kabla ashuke. Kwani wewe hulala?"

Rosaline akamjaribu. "Wakiuru huniita nani?"

Hesbon akacheka, akiangalia mlango. "Mtoto wake. Hata sijui siku tukija kwenu na wazee nitasalimia mama mkwe ama mtoto wa bibi yangu."

Rosaline akainuka. Akachukua bahasha, akainyoosha, akaiweka kwenye ukingo wa meza ya Hesbon ili mikono yao isikutane.

"Nishikie," akasema. "Nampigia Maitu, nimwambie nilichotaka kufanya."