Mama Alipofungua Kabati

Mama alisimama mbele ya kabati, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika funguo. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na sinia tupu, nikisubiri vyombo. Sebuleni alikuwa ameketi mama yake Kim Swee, mchumba wangu, akijipepea.

Bibi yangu alikuwa amefariki, na kwetu mjini Melaka harusi ikikutwa na msiba, ama inafungwa upesi, ndani ya siku mia, ama inasubiri miaka mitatu mpaka tuanue matanga. Kina Kim Swee hawakuwa na subira hiyo. Kim Swee alikuwa anahamia Penang kikazi, na angeondoka na mimi au wamtafutie mwingine. Ila mambo kama hayo mtu hajibu kwa mdomo. Anajibu kwa vyombo.

Kushoto mwa kabati ilikaa seti ya vyombo vya kauri, ya buluu na nyeupe, ya msiba na ya kuwaandalia wafu. Kulia, ile ya waridi yenye ndege wa mikia mirefu, ya harusi na mwaka mpya. Akitoa ya waridi, naolewa. Jamani, nilivyoikodolea macho ile mikono ya mama!

Akatoa ya buluu.

Niliipeleka mwenyewe. Mgeni aliitazama sahani, akala keki ya nazi kwa adabu, akasifu upishi, akaaga. Kim Swee alioa Penang kabla mwaka haujaisha. Sikumlaumu mama. Msiba ni msiba, nilijiambia, nikajifungia bafuni nikalia.

Siku tuliyoanua matanga, baada ya ile miaka mitatu, tulikuwa tumebaki wawili tu kwenye nyumba ile ndefu. Jioni nilikuta meza imepangwa kauri ya waridi, na mchuzi wa kamba na nanasi umejaa bakuli. Mama hakugusa chakula.

"Bibi yako asingekasirika," alisema. "Alishaniambia nikuoze hata akifa."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Niliogopa kubaki humu peke yangu, mwanangu."

Nilitaka kuinuka, nitoke, niende popote. Lakini ningekwenda wapi, na kwa nani? Nikachota kamba, nikamwekea kwenye sahani yake.

"Kula, mama," nikasema. "Kinapoa."

Akala, na mimi nikala, kila mtu peke yake.