Umetia Nini Leo

...na ukiichovya kupita kiasi inageuka uji mkononi, biskuti hizi ndefu nyepesi hazina uvumilivu, ni kuhesabu moja, mbili, kugeuza, moja, mbili, kutoa, na chai yenyewe iwe imepoa, si uvuguvugu, imepoa hasa, ndiyo maana ameiweka dirishani tangu saa saba, sufuria nzima ya chai ya rangi iliyokolea mpaka ukiinama unaona uso wako, na uso wenyewe leo unacheka, acha ucheke, umenuna vya kutosha mwaka mzima, na kutoka sebuleni, katikati ya pasi inayotema mvuke, sauti ya mama, umetia nini leo? na binti bila kuinua kichwa, tangawizi, mama, mdalasini, karafuu tatu, pilipili manga ya kutosha ncha ya kisu, na hiliki, hiliki inaingia kwenye krimu mwishoni, naisaga sasa hivi, na mama, haya, vizuri, ila usiikaange, hiliki haikaangwi, inavunjwa tu... anajua, mama, anajua, kama vile hakuambiwa hivyo hivyo tangu ana miaka sita amesimama juu ya kigoda, lakini mwache aseme, mtu anayefundisha ni mtu aliye hai, na moja, mbili, kugeuza, safu ya kwanza imejaa, biskuti zimelala kwenye bakuli la kioo bega kwa bega, na juu yake itakuja krimu, viini vya mayai na sukari vilivyopigwa mpaka vikapauka, na jibini lile laini la Kiitalia alilopewa pale mgahawani anakooka keki, lilikuwa limebaki kwenye kopo, mpishi mkuu akasema chukua kabla halijaharibika, na tiramisu yenyewe alijifunza pale pale, siku ya kwanza alishangaa, keki isiyoingia kwenye oveni, isiyojua moto, inachovywa, inapangwa, inalazwa kwenye friji, basi, ila ya pale ni ya kahawa, na mama kahawa haitaki hata kuisikia, kahawa ni kelele, anasema, chai ndiyo mazungumzo, kwa hiyo akaitoa kahawa akaweka chai ya viungo, na mpishi mkuu aliposikia akashika kiuno, Waitalia wakiiona hiyo watalia, na walie, si wao walio na mama aliyeonja chai kiwandani miaka thelathini na moja.

Miaka thelathini na moja, koti jeupe, meza ndefu, vikombe vimepangwa kama wanafunzi kwenye foleni, na mama anapita na kijiko chake kipana, anafyonza kwa kelele, fyuuu, kelele ya kutia aibu, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, na kabla hajafika kikombe kinachofuata ameshasema, hii ilikaa kwenye gunia lenye unyevu, hii ilikauka haraka mno, hii majani yake yalichumwa baada ya mvua, wakamwita Mama Ulimi, mpaka kwenye barua za kazini waliandika hivyo kwa utani, na siku moja kwenye arusi ya binamu akajisahau akafyonza chai ya wageni vile vile, fyuuu, ukumbi mzima ukageuka, na yeye, msichana wa miaka kumi na minne, akatamani ardhi ipasuke aingie na viatu vyake vipya... leo angetoa nini ausikie mfyonzo ule, maana ilikuja ile homa, homa ya siku tisa, mama akainuka amekonda lakini mzima, wakashukuru, wakasema yamekwisha, kumbe homa haikuondoka mikono mitupu, iliondoka na harufu zote, na daktari akaeleza kwa upole wa mtu mwenye foleni nje ya mlango, mama, pua ndiyo inayoonja, ulimi ni kibarua tu, ulimi utakupa sukari na chumvi na ukali wa ndimu, hayo mengine yote ni pua, na yako imelala, huenda ikaamka, huenda isiamke, na mama akaitikia tu, asante, akarudi kazini, hakumwambia mtu, akaonja kwa macho, kwa rangi ya chai na kwa nyuso za wenzake, miezi minne, hakuna aliyegundua, mpaka ilipopita chini ya saini yake chai iliyonuka moshi, moshi wazi, hata mtoto angekunja pua, ikarudishwa yote, na Bosi, hakuwa mtu mbaya, akamwita ofisini akafunga mlango, akasema nenda nyumbani upumzike, Mama Ulimi, ukipona tuambie.

Na mama akapumzika, kama kuketi ukiutazama ukuta ni kupumzika, akawa anakula kama mtu anayejaza fomu, kijiko, kijiko, kijiko, kisha saini, asante mwanangu, chakula kizuri, na sahani bado imejaa, nguo zikaanza kumning'inia, na yeye binti yake akapika kila alichokijua na kila asichokijua, kila jioni akikaa mbele yake kumtazama usoni, akingoja nyusi tu zisogee, hata kidogo, ee Mungu hata kidogo, na hazikusogea, mpaka Jumamosi ile, bakuli hili hili, mara ya kwanza ya tiramisu ya chai, mama akatia kijiko mdomoni, akatulia, akafumba macho, akasema, hiliki. Neno moja. Hiliki, mwanangu, naipata, kwa mbali, lakini naipata... na yeye akalia mpaka makamasi, akamkumbatia mama na kijiko chake, na mama akimpigapiga mgongoni, basi, basi, nyamaza, na usiwaambie kwanza kule kazini, tusubiri kidogo, lakini nani wa kusubiri, furaha ilimpanda kichwani, Jumatatu asubuhi akampigia Bosi, amepona, ameipata hiliki, na Bosi akasema, kweli? akasema, basi Jumatatu ijayo saa mbili gari litamfuata, tutampangia vikombe sita mbele ya wenzake, kimoja kina moshi, akikitaja, kiti chake kinamngoja, asipokitaja... hakumalizia, wala yeye hakumngoja amalizie, alikimbia kumwambia mama, na mama akatazama mikono yake, akasema, umefanya vizuri, na Jumatatu ijayo ni kesho, na koti jeupe ndilo hilo linalopigwa pasi sebuleni, mara ya tatu leo, litatoboka... sasa hiliki iko wapi, alinunua paketi makusudi kwa ajili ya Jumamosi ile, maana kichupa kiliisha zamani, si kile pale kimeoshwa kimepinduliwa, kabati la juu, nyuma ya unga, chumvi, majani ya chai, hii hapa, na vidole vinatafuta mdomo wa paketi, mahali alipoukunja, na hakuna mahali alipoukunja. Kuna pini. Pini ya stepla ya mwenye duka, imebana, inang'aa, haijaguswa.

Haiwezekani, itakuwa kuna paketi nyingine, alinunua mbili, hakununua mbili, basi aliibana tena baada ya kuchota, na stepla gani, nyumba hii haijawahi kuwa na stepla, anaipindua, anaitikisa, imejaa, hiliki zinagonganagongana humo ndani kama mvua ya kwanza juu ya bati, na Jumamosi ile ikamrudia yenyewe bila kuitwa, paketi mkononi, mama sebuleni anauliza umetia nini leo? na yeye kajibu orodha yote kwa sauti ya kuimba, tangawizi, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na hiliki, hiliki nyingi leo, na kabla hajaifungua mtu wa gesi akagonga mlango, akaiweka paketi kabatini ili aende kufungua, mtungi ukaingia, porojo mbili tatu, akarudi, akaona krimu imeanza kulegea, akaimwaga haraka juu ya biskuti, akasawazisha, friji, kichwa cha panzi kile, hiliki haikuingia, haikuingia hata punje moja. Huenda mama alichanganya na mdalasini... achanganye nani, Mama Ulimi? Yule anayejua mvua kwenye jani? Asiichanganye miaka thelathini na moja aje aichanganye jikoni kwake? Hakuchanganya. Hakuonja chochote. Aliambiwa, akakirudisha alichoambiwa, na kila jioni ni hivyo, kila jioni swali lile lile linatoka sebuleni kabla sahani haijafika, umetia nini leo, na yeye akidhani ni mapenzi ya mwalimu kwa mwanafunzi, kumbe mama alikuwa anaomba majibu ya mtihani, anayaweka akiba, na siku ile alipouona uso wa bintiye umemkazia macho, umekonda kuliko wake mwenyewe, akaona leo nimpe, maskini, leo nimpe kimoja alale. Na alijua. Usiwaambie kwanza, alisema, tusubiri kidogo, mtu aliyeipata hiliki angesema nani wa kusubiri, mama alisubirisha kwa sababu zawadi ile ilikuwa ya humu ndani tu, ya meza hii, watu wawili na bakuli, na yeye akaibeba akaipeleka kiwandani kwa simu, akamwanika mama yake kwa mkono wake mwenyewe, na mama badala ya kusema mwanangu nilikudanganya akatazama mikono yake akasema umefanya vizuri, akatoa koti sandukuni, na kesho saa mbili atasimama mbele ya vikombe sita na watu aliowafundisha kushika kijiko, atafyonza, fyuuu, atatema, na hatakuwa na wa kumuuliza umetia nini leo.

Mpigie Bosi, leo Jumapili, na umwambie nini, mama yangu ni mwongo? Mwambie mama asiende, mwambie kichwa kinamuuma, gari limeharibika, mwambie ukweli, chukua paketi hii na pini yake nenda uiweke juu ya ubao wa pasi, basi, huhitaji hata kusema, ataiona, ataelewa... ataelewa kwamba kile kimoja alichoweza kumpa mtoto wake mwaka huu mzima nacho kimekufa, na atakaa chini autazame ukuta, na safari hii hatainuka, na asipoambiwa, kesho watamuua kwa vikombe, humu jikoni au kule kiwandani, hakuna mlango wa tatu, ameutafuta, jamani, ameutafuta mpaka kwenye kabati. Jikaze kisabuni, mtu mzima wewe. Mama, anaita. Naam, na pasi inanyamaza. Mama... sema, mwanangu, nini. Biskuti aliyoisahau ndani ya chai imeshakatika vipande viwili, kimoja kinazama polepole, na paketi imemjaa kiganjani, pini inamchoma kidogo, na mama ndiye anayeuliza, hiliki umeshatia? Anatazama pini. Nimeshatia, mama, anasema, nimetia nyingi. Na kule sebuleni mama anavuta pumzi kwa pua, ndefu, kwa kelele, makusudi, isikike mpaka jikoni. Naisikia mpaka huku, anasema. Kisha pasi inaanza tena, na yeye anachukua biskuti nyingine, moja, mbili, anageuza, moja, mbili, anatoa.