Alipofia Bibi

Mjomba Duilio alirudi kutoka Argentina akiwa mzee, akapanga chumba kwenye hoteli ya kilimani. Zamani lilikuwa jumba la mwenye shamba, na sisi tuliomlimia mizabibu tuliishi juu ya zizi lake. Bibi alifia huko juu ya zizi, Mjomba akiwa ng'ambo.

Mama yangu, dada yake, alimkuta mapokezi. "Umezeeka vibaya, wewe!"

"Na mdomo wako haujazeeka," Mjomba akajibu, wakakumbatiana wakicheka.

Kisha akaomba aonyeshwe chumba cha mama yao. Zizi lilikuwa limegeuzwa vyumba vya wageni, na alipofia Bibi sasa palikuwa bafu la marumaru.

"Kitanda kilikuwa hapa," Mama alisema, akigusa beseni kubwa la kuogea.

Mjomba akaketi ukingoni mwake. "Aliniulizia?"

"Kila gari likipita, kaka yangu. Alikuwa akisema, 'Huyo Duilio anakuja.'"

Mjomba akaangua kilio. Mama hakumnyamazisha. Alivua viatu, akaingia kwenye beseni lile kavu, akajilaza alipokuwa amelala Bibi, akamshika kaka yake mkono. Wahudumu walipoleta mataulo waliwakuta vivyo hivyo, wakarudisha mlango taratibu.