Pikapu ya Baba Mkwe

Mjini kwao walimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha udereva, na wanafunzi wake walimheshimu sana mpaka siku walipomwona akiendesha mwenyewe. Kazini alikaa kiti cha pembeni cha gari dogo la shule, akirudia kwa upole, "Tazama kioo, washa indiketa, halafu ndiyo ukate kona." Jioni akirudi nyumbani, indiketa aliisahau kama vile gari halikuumbwa nayo. Mji wao ulikuwa tambarare, barabara pana, watu wana haraka, na kila dereva alijua kwamba ukiwasha indiketa umemwambia mwenzio aharakishe kuziba nafasi uliyoitaka. Ukitaka kuingia, unachomeka pua ya gari, unatazama mbele kama mtu mwenye shingo ngumu, unakwenda.

Mumewe alikuwa fundi cherehani na hakuendesha kabisa. Kona mbili tatu tu zilitosha kumchafua tumbo.

Basi baba wa fundi huyo, aliyeendesha lori la mbao kule milimani hadi alipostaafu, akateremka mjini kutafuta pikapu iliyotumika. Alitaka mkwe wake amsaidie kuchagua. "Wewe ndiye mwenye cheti," alimwambia kwenye simu. "Mimi nina mikono tu."

Waliipata ya kijani iliyopauka, yenye kiti chembamba cha nyuma. Mwalimu aliingia uvunguni akatazama mabomba, akakanyaga klachi, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Mzee alisubiri amalize, akaingia, akabonyeza honi. Ikalia vizuri.

"Nzima hii," alisema. "Tuondoke nayo."

Kesho yake wakaianza safari ya milimani, mzee kwenye usukani, Mwalimu pembeni yake, fundi nyuma amekumbatia mto wa kulalia. Na hapo ndipo Mwalimu alipoona mtihani uliokuwa mbele yake. Mkwe anaweza kumkaribisha baba mkwe, kumwandalia kitanda, kumuuliza ameamkaje. Kumwambia "hapo umekosea" ni habari nyingine.

Mtaani kwao, mzee alipiga honi kwenye kona ya kwanza. Akapiga kwenye ya pili. Kule kwao milimani magari hayaonani kwenye kona, na asiyepiga honi wanamwona kichaa. Lakini mtaani pale honi ilikuwa na maana moja tu: nimefika, nifungulie. Geti la kijani likafunguka. Mlinzi wa nyumba ya jirani akaruka kutoka kwenye kiti chake, akavuta geti lote wazi na kusimama wima. Mama mmoja alitoka na ufunguo mkononi na povu la sabuni kwenye nywele, akabaki kuisindikiza pikapu kwa macho.

Mzee aliwapungia mkono wote.

"Watu wa huku ni wakarimu," alisema. "Kumbe mnasingiziwa tu."

Nyuma, fundi alizika uso kwenye mto. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Walipofika kwenye mzunguko mkubwa katikati ya mji, mzee alisimama, akamulika taa. Kwao, kumulika taa ni kusema karibu, pita wewe. Gari likapita. Akamulika tena, yakapita mengine. Akaendelea kumulika, na magari yakaendelea kupita, wala hakuna dereva aliyegeuza hata jicho. Nyuma yao foleni ilirefuka na honi zikaanza kulia. Mzee naye akajibu kwa honi fupi fupi za furaha.

"Wanatushukuru," alieleza.

Dereva wa teksi alijivuta mpaka ubavuni mwao, akatoa kichwa dirishani. "Mzee, umeegesha?"

"Nawapisha, mwanangu!"

"Utawapisha mpaka tukuzike hapo hapo!"

Mwalimu alikohoa. Alikuwa akitafuta maneno tangu kwenye geti la kijani. "Baba, naona jua linakuchoma. Niruhusu nikupokee kidogo."

Mzee alitazama jua, akamtazama na yeye. "Mkwe wangu, jua liko upande wako."

"Ndiyo maana, baba. Nataka kulikimbia."

Mzee akacheka mpaka akafuta macho, akashuka. Wakabadilishana viti katikati ya matusi ya mji mzima.

Mwalimu aliingiza pua ya pikapu mbele ya lori la maji, akashika njia ya ndani, akakata mbele ya teksi ileile, na mara wakawa wametoka. Mzee alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Yule wa lori hakukuona?"

"Aliniona, baba. Si umeona amesimama?"

"Na indiketa?"

Mwalimu akaona haya, akaiwasha, ingawa kona ilikwisha kupita.

"Ahsante," mzee alisema. "Sasa wamejua ulikotoka."

Baada ya hapo walikwenda vizuri kwa muda mrefu. Tambarare ikaisha, barabara ikaanza kupanda na kujikunjakunja, hewa ikapoa, fundi akafumba macho. Mwalimu aliendesha kama alivyozoea, kimya, akikumbatia katikati ya barabara. Kila wakikaribia kona mzee alisafisha koo. Baba mkwe naye hawezi kumfokea mkwe, kwa hiyo alisafisha koo mpaka likamkauka.

"Mkwe," alisema mwishoni, "kwani honi imeharibika?"

"Hapana, baba. Iko salama."

"Aa. Nilidhani tunaitunza."

Kabla Mwalimu hajajua acheke au aombe radhi, walitokea mahali ambapo barabara imebana kabisa, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Kutoka juu lori la mawe lilikuwa linateremka. Mwalimu akafanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa imelifanya maisha yote: akamulika taa. Mjini kwao maana yake ni naja mimi, wewe kaa hapo hapo.

Dereva wa lori akainua mkono kushukuru na kuja.

Mwalimu akamulika tena, kwa ukali. Lori likapiga honi kwa furaha na kuongeza mwendo. Walifunga breki pua kwa pua, vumbi likawafunika wote.

Dereva wa lori, kijana mnene mwenye kofia ya sufu, alishuka akiwa ameduwaa zaidi kuliko kukasirika. "Dada, si umenikaribisha mara mbili?"

"Nimekukataza mara mbili!"

Wakatazamana. Mzee alikuwa ametazama dirishani kwa bidii, kama abiria aliyepewa lifti na watu asiowajua. Kisha akageuka, akasema taratibu, "Mkwe wangu, huku kwetu hiyo ina maana ya karibu."

Lori lililobeba mawe lisingeweza kurudi juu. Ilibidi pikapu irudi nyuma mpaka kwenye upenyo wa kupishania walioupita chini ya kona. Mwalimu alikuwa amefundisha kurudi nyuma miaka na miaka, kwenye uwanja tambarare, baina ya madumu matupu. Dumu ukiligonga linadondoka, watu wanacheka, mnaanza upya. Alitazama kioo cha pembeni na hakuona barabara, aliona bonde tu. Akauachia usukani.

"Baba, endesha wewe."

"Siwezi kukuacha ushuke na woga huo, hutaupanda tena mlima huu." Mzee alifungua mlango. "Mimi nasimama nyuma. Wewe nitazame mimi. Bonde usilitazame, halina msaada wowote."

Fundi naye alishuka, akasema anakwenda kumsaidia baba, akaenda kukaa juu ya jiwe na kuinamisha kichwa.

Mwalimu alirudi polepole, akiufuata mkono wa mzee ulioashiria kushoto, kushoto, simama, nyoosha. Tairi lilikanyaga kokoto, zikaporomoka, akazisikia zinavyokwenda. Mkono wa mzee haukutetereka. Walipofika kwenye upenyo, lori likapita likipiga honi ya shukrani, na Mwalimu akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Juu ya mlima, barabara ilipoanza kuteremkia kijijini, mzee akachukua usukani. Alipiga honi kila kona, alipisha kila mtu, Mwalimu akatulia. Ndipo akamwona anatoa gia. Akaiacha gia huru, mguu juu ya breki, pikapu ikaanza kujiendea yenyewe huku mzee akiimba kwa puani. Walipita kona moja, wakapita nyingine. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani.

"Rudisha gia."

Ilitoka kwa sauti ya kazini, ile inayowafanya wanafunzi watoe jasho. Mkono wa mzee ukarudisha gia wenyewe, kabla mwenyewe hajaamua. Injini ikanguruma, gari likajizuia. Nyuma, fundi aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

Mzee alimtazama kwa pembeni.

"Mkwe wangu, umenigombeza?"

"Hapana, baba. Nimekufundisha."

"Huku sote tunateremka hivi. Mafuta hayaliki."

"Na kule kwetu sote tunakata kona bila indiketa."

Mzee alifikiri. Kisha akacheka, akaegesha kando ya barabara ili breki zipoe, wakakaa kwenye nyasi wote watatu.

Mama mkwe aliwapokea uani. Aliwakumbatia, akaizunguka pikapu, akanusa tairi la mbele. "Nasikia harufu ya breki. Kwa hiyo aliyefika nayo ni huyu mzee wangu." Akamgeukia mkwewe. "Wewe umekuja wakati mzuri. Nataka unifundishe. Huyu kila nikimwomba ananiambia sikiliza injini, itakuambia. Nimeisikiliza mpaka nikazeeka, haijaniambia neno."

Asubuhi wakaenda kwenye uwanja wa mpira. Mama mkwe alivaa viatu vya kanisani na kukaa wima kwenye usukani. Mwalimu alikaa pembeni, na mzee, ambaye hakualikwa, akajipenyeza nyuma.

"Tazama kioo, mama."

"Piga honi!"

"Hakuna mtu, baba. Usipige, mama. Washa indiketa."

"Indiketa ya nini uwanjani? Achia klachi tu."

"Si haraka hivyo, itazima."

Ikazima. Mama mkwe akaweka mikono mapajani.

"Shukeni."

"Lakini, mama..."

"Shukeni wote wawili."

Wakashuka. Wakasimama karibu na goli kama wanafunzi waliotolewa darasani, fundi akiwacheka kutoka kivulini. Pikapu iliruka kama chura, ikazima, ikawaka, ikaanza kwenda. Ilizunguka uwanja, indiketa ikiwaka bila kuzimwa, honi ikilia kila mahali palipoonekana kama kona. Halafu badala ya kuzunguka tena ikanyooka, ikapita baina ya miti ya uzio na kutokea barabarani.

Mzee na Mwalimu wakaanza kukimbia pamoja. Hawakuhitaji kukimbia mbali. Mwendo wake ulikuwa wa gia ya kwanza, na kwa hatua za kawaida waliifikia, wakatembea sambamba na dirisha, mmoja huku, mwingine kule.

Mama mkwe hakugeuza kichwa. "Mna safari yenu?"

"Tunakusindikiza," mzee alisema.

"Basi msiongee na dereva."