Mlango Uliongoja Reli

Kanisa letu la Galeed lilijengwa mlango ukitazama kaskazini, kwa sababu reli ilikuwa ipite kaskazini. Wazee walitaka abiria wauone mlango, si mgongo wa jengo. Reli ikapita maili tisa kusini. Mlango ukabaki pale pale, ukipokea kila upepo wa Nebraska.

Kila familia ilileta benchi lake na kuliweka palipokuwa na nafasi. Sisi tulifika wa mwisho, kwa hiyo letu liko mlangoni. Januari, katikati ya mahubiri, nilipima theluji chini yake: inchi mbili. Wiki hiyo hiyo binti yangu Ada, mwenye miaka sita, akashikwa na kichomi. Alipona, lakini daktari alisema kifua chake hakitahimili kingine. Nilipombakiza nyumbani Jumapili mbili, Shemasi Orrin Peasley alikuja kuniuliza kama nimeasi.

Benchi la shemasi liko kando ya jiko linalopasha kanisa joto. Septemba nikamfuata.

"Shemasi, tubadilishane mabenchi. Miezi ya baridi tu."

"Dada Thirza, benchi ni kama kaburi. Mtu halihami."

"Basi uhamisheni mlango."

"Reli itakuja. Wameahidi tawi la kupita kaskazini."

"Wameahidi tangu Ada hajazaliwa."

"Imani, dada."

"Imani ninayo. Ninachokosa ni ukuta upande wa kaskazini."

Uwezo haukuwa tatizo. Katika mji wetu nyumba ni za mbao na hutembea juu ya magogo: duka limehamishwa mara mbili, baa ya Lindquist mara tatu. Magogo yapo, jeki zipo, maksai wapo. Lakini katika kikao cha kanisa wanawake hawapigi kura. Wanapika.

Nikaupeleka mpango wangu kwa wanawake wenzangu. Niliogopa kwamba Hepzibah, mke wa shemasi, angekataa.

"Huyo anaweza kuikosa mbingu," alisema, "lakini si pai yangu ya maboga."

Siku ya karamu ya mavuno wanaume walifika na magari yao ya maksai, wana njaa tangu alfajiri. Vyakula tulikuwa tumevifunika kwa vitambaa, vingine vimo masandukuni, na sisi tumekaa juu ya vifuniko.

"Tuombe, tule," alisema shemasi.

"Mwaka huu tunakula mbele ya mlango," nikasema.

"Mlango si uko kule?"

"Uko kule. Na upepo uko kule. Uleteni huku kusini."

"Hepzibah! Hebu nipe hiyo pai."

"Vuta kwanza, mume wangu."

Aliyeinuka wa kwanza ni mume wangu Asahel, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ametamka neno juu ya jambo hili. Akaenda kuchukua jeki.

Walibishana saa nzima wazungushie upande gani. Wakashusha bomba la jiko, wakainua jengo, wakapitisha magogo, wakafunga jozi nane za maksai. Jengo likazunguka robo. Gogo moja likapasuka, maksai mmoja akalala chini, na shemasi akajifuta jasho.

"Inatosha."

"Inatosha nini? Mlango unatazama mashariki!"

"Dada, chakula kinapoa."

Mashariki, hatua arobaini, ipo baa ya Lindquist, mlango kwa mlango. Nilitoa dira ya Asahel kuhakikisha. Kisha nikasimama upande wa kaskazini: upepo wote ulikuwa ukigonga mbao za ukuta. Nikafunua vitambaa.

Januari iliyofuata nilipima tena chini ya benchi letu. Hapakuwa na theluji. Ada aliimba zaburi zote bila kukohoa, na kwa kuwa amekaa mlangoni, huwaona watu kabla yetu.

"Mama," alisema Jumapili moja, kwa sauti iliyofika hadi kwenye jiko, "shemasi anakuja. Ametokea kwa Bwana Lindquist."

Hepzibah aligeuka taratibu.

Baada ya ibada shemasi alinisubiri nje. "Dada Thirza, nimefikiri. Mlango ungependeza zaidi ukitazama kusini. Masika tuuzungushe robo iliyobaki."

Nilimfunga Ada shali.

"Inatosha, shemasi," nikamwambia.