Kivuli kwenye Taarifa ya Saa Saba

Kukunja shuka la hoteli kunataka watu wawili. Mmoja anashika pembe zake, mwenzake zake, wanalivuta mpaka linanyooka, kisha wanasogeleana hatua tatu hadi vidole vinagusana. Chapchap na Mama Pacha walikuwa wakitazamana hivyo kwa miaka minne katika kiwanda kile cha dobi, na Mama Pacha alijitapa kwamba anamjua mwenzake nje ndani.

"Leo una nini wewe?" aliuliza Mama Pacha. "Mashuka yamejaa mpaka mlangoni, na mwenye jina lake la Chapchap anakunja kama bibi harusi."

"Usingizi tu, mama."

"Usingizi gani saa sita mchana? Kama ni mwanaume, mlete hapa tumpige pasi."

Chapchap alicheka kwa sababu ilibidi acheke. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa saba kamili televisheni ya kantini ingewashwa, na yeye angejiona.

Miezi mitano nyuma alikuwa amekwenda ofisini kwa diwani kugongewa muhuri kwenye barua ya matibabu ya mama yake. Karani aliruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Mlango ukafungwa. Kilichotokea mle ndani alikwisha kuwaeleza polisi mara mbili na daktari mara moja. Mahakamani hajapata kukieleza hata leo, maana jalada la kesi lilipotea, likaonekana, likapotea tena. Mara ya tatu alipopigwa kalenda na kuambiwa arudi siku nyingine, ndipo alipomkuta kwenye korido mwandishi wa televisheni, dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliyemshika mikono yote miwili.

"Dada yangu, tukiitoa hewani, hilo jalada watalitafuta kwa tochi," mwandishi alimwambia. "Sura yako haitaonekana. Sauti tutaigeuza. Wewe sema yote, kwa maneno yako mwenyewe."

Akasema yote. Saa mbili nzima, taa ikimpiga mgongoni, na mwandishi akalia naye mpaka wanja ukamchuruzika. Hakuna mwingine aliyekuwa amemlilia. Mama yake mwenyewe alijua tu kwamba muhuri umechelewa. Siku ile Chapchap alitembea mpaka nyumbani akijihisi mwepesi, na akalala bila kuamka amka.

Saa saba ilipogonga, kantini ilijaa. Nyapara wao alishika rimoti kama kawaida yake, maana rimoti hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Chapchap alikaa benchi la nyuma, sahani yake ya maharage magotini. Mama Pacha akajibanza kando yake.

Habari ya kwanza ilikuwa bei ya mafuta. Ya pili ilikuwa yake.

Ilianza na kiatu. Kiatu chekundu cha kisigino kirefu kimelala ubavu sakafuni, karibu na kitanda chenye shuka lililovurugika. Chapchap hakuwahi kumiliki kiatu kama kile, na ofisini kwa diwani hakukuwa na kitanda. Kulikuwa na meza, na pembe ya meza ile aliijua vizuri. Kisha akatokea diwani mwenyewe, juani, tabasamu mpaka magego, akikabidhi madawati shuleni huku watoto wakimpigia makofi. Jina lake likaandikwa chini, na neno "Mheshimiwa" mbele yake. Ndipo akaja yeye: kivuli cheusi mbele ya dirisha, bila macho, bila mdomo, na sauti nzito ya kukwaruza kama ya mlevi.

"Nilikwenda ofisini kwake jioni," kilisema kivuli. "Karani alikuwa ameruhusiwa aende. Nilikuwa peke yangu. Sikupiga kelele."

Picha ikarudi kwenye kiatu.

Chapchap alingoja yaliyobaki. Alikuwa amesema: sikupiga kelele kwa sababu alikuwa amenikaba koo, nilikuwa sipati hata pumzi. Aliyasema mara mbili, kwa vile mwandishi alimwomba arudie taratibu. Hayakuja. Alikuja wakili wa diwani na tai yake, akasema mteja wake ana mke na watoto wanne. Kisha mtangazaji akawauliza watazamaji: je, unamwamini? Tuma NDIYO au HAPANA.

"Hakupiga kelele!" Mama Pacha alipiga paja. "Mdomo anao, mlango uko pale, anangoja nini? Mimi ningepiga yowe mpaka wafu waamke."

"Hao wanawinda hela za wakubwa," alisema nyapara, kidole gumba kikiwa tayari kwenye simu. "HAPANA. Nimeshatuma."

Watu wakacheka. Chapchap aliweka sahani chini, akatoka, akasimama nyuma ya chumba cha tanuri la mvuke ambako kelele za mashine zingemficha. Alipiga namba ya mwandishi, akaikosea mara mbili.

"Mpenzi!" mwandishi alipokea kwa furaha. "Umeona? Umetoka vizuri mno. Hata mama aliyekuzaa hawezi kukujua."

"Mlinikata maneno."

"Tulikuwa na dakika mbili, dada yangu. Huwa tunapunguza."

"Mmepunguza koo langu. Nilikwambia alinikaba. Kwenye taarifa ya saa mbili usiku nirudishieni."

Mwandishi alipojibu, upole wake ulikuwa umepoa. "Sikia. Wanasheria wa kituo ndio waliokata. Tukirusha kwamba alikukaba, hiyo ni tuhuma, diwani atatufungulia kesi. Kwamba hukupiga kelele haimshtaki mtu. Ni maneno yako."

"Na kiatu?"

"Kiatu ni picha ya maktaba tu. Habari lazima iwe na picha." Akashusha pumzi. "Ukitaka kusahihisha, njoo utokee na sura yako. Hapo naweza kukuombea hata dakika tano."

"Ulilia," alisema Chapchap.

"Nililia kweli, dada. Lakini si mimi ninayeamua." Simu ikakatika.

Alibaki kaegemea ukuta wa moto. Diwani hakuwahi kumwahidi kitu. Huyu mwandishi alimwita dada, akamfuta machozi kwa leso yake, kisha akampelekea diwani utetezi ambao hata wakili wake asingeweza kuutunga. Na walivyomficha, walimficha sawasawa, hivi kwamba uongo ule sasa ulikuwa na ulinzi. Wa kuusahihisha ni yeye tu, na hawezi kuusahihisha bila kutoka gizani. Kesho mtaa mzima ungejua. Leo hii mama angejua.

Alirudi kantini. Bado walikuwa wanamchambua.

"Tena jioni!" Mama Pacha alikuwa akisema. "Ofisi ya mwanaume, peke yake, jioni!"

Chapchap alipita katikati ya mabenchi, akamnyang'anya nyapara rimoti, akazima televisheni.

"We Chapchap, umechanganyikiwa?" nyapara alifoka. "Unataka kumwaga unga?"

"Hakupiga kelele kwa sababu alikuwa amekabwa koo," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa wembamba wake. "Alisema, wakakata. Hakuwa na viatu vyekundu, alikuwa na ndala. Nazijua, maana ni mimi."

Kijiko cha mtu kilianguka. Nyapara akatazama simu yake, akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Mama Pacha aliinuka nusu, akakaa, mkono mdomoni. Machozi yalimjaa, na Chapchap akajua ni ya kweli. Lakini hata kabla hayajadondoka, mdomo wa mwenzake ulikuwa umeshafunguka.

"Mwanangu... sasa ulifuata nini kule jioni yote ile?"

Watu wazima thelathini walimkodolea macho, wakingoja jibu. Hakuna aliyeuliza diwani alimruhusu karani aende kwa nini.

Chapchap alivuta benchi, akakaa akiwaelekea, rimoti bado mkononi.

"Nitawaambia," alisema. "Lakini nitaanzia mwanzo, na hakuna mtu atakayenikatiza."