Gari Lilikwenda Harusini

Jumapili ya mwisho ya Mei 1985, baada ya chakula cha mchana, Yosefu Mukasa alifuta meza ya jikoni, akaikausha kwa taulo, kisha akatandaza ramani ya Ufaransa. Ramani ilikuwa kubwa kuliko meza. Kona moja ilipanda juu ya kopo la sukari, nyingine ikaning'inia kwenye magoti ya mkewe, Mueni, aliyekuwa akimenya chungwa.

"Usinidondoshee maji hapo Dijon," Yosefu alisema.

"Patakauka. Si unasema huko ni jua tupu?"

Safari ilikuwa fupi. Siku tatu za kwenda, siku mbili za harusi, siku tatu za kurudi. Kutoka Hässelby, kule Sweden walikokaa, wangeshuka na gari mpaka Trelleborg, wavuke bahari kwa meli, wakate Ujerumani kwa barabara kuu. Wakishaingia Ufaransa, Yosefu hakutaka kusikia habari ya barabara kuu tena. Alitaka zile nyembamba, zilizochorwa kwa rangi ya manjano, zinazopita katikati ya ngano na kuzunguka makanisa ya vijiji. Kwa miaka sita alikuwa akiosha mabehewa ya treni za chini ya ardhi pale kituo cha mwisho. Alikuwa amechoka na vitu vinavyokwenda moja kwa moja na kurudi moja kwa moja.

Alichukua kalamu nyekundu, akachora kutoka Belfort hadi Vesoul, kutoka Vesoul hadi Gray, kutoka Gray hadi Dijon. Kilomita mia moja na sabini. Mbele ya Dijon kulikuwa na kijiji cha nyumba arobaini, na katika kijiji hicho dada yake Olivia angeolewa tarehe ishirini Julai na Rémi, kijana wa wafugaji wa ng'ombe weupe.

Yeye na Olivia hawakuwa wameonana tangu 1978, walipoachana Nairobi, kila mmoja na begi lake na nchi iliyokubali kumpokea. Lakini hamu haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa jogoo. Kwao Buganda, upande wa bwana harusi humkabidhi kaka wa bibi harusi jogoo hai, na kaka humla peke yake. Asipompokea na kumla, hata padri aseme nini, ukoo hauhesabu ndoa. Shangazi yao huko Masaka alikuwa ameandika barua ya sentensi mbili: kwamba amesikia Olivia anaolewa, na kwamba angependa kujua ni nani atakula jogoo. Baba yao alikuwa amekufa. Kaka mwingine hakuwapo.

Jumatatu jioni Yosefu aliporudi kutoka kazini aliikuta Volvo yao ya buluu mahali pake, imeegeshwa vizuri, na petali nyekundu za maua ya shambani zimenasa kwenye waipa. Magurudumu yalikuwa na udongo wa manjano. Alifungua mlango akasoma mita. Kilomita mia tatu na arobaini zilikuwa zimeongezeka.

"Kwenda na kurudi," alimwambia Mueni.

"Basi barabara inapitika," Mueni alisema, akaendelea kukatakata sukumawiki iliyogandishwa, maana mbichi haikupatikana.

Bi Sandell, jirani wa ghorofa ya chini aliyesimamia nidhamu ya maegesho, alithibitisha. Gari lilikuwa limeondoka saa tatu na dakika kumi asubuhi. Hapakuwa na mtu ndani, lakini lilitoa ishara kabla ya kukata kona, kwa hiyo hakuwa na malalamiko.

Tangu siku hiyo, kipande walichokipanga jioni, gari lilikipita siku ya pili yake. Walipochora njia ya kando ya mto Saône, lilirudi na majani ya mtete kwenye bampa. Walipobishana kuhusu mahali pa kulala, kwenye hema au kwenye hoteli, lilirudi na harufu ya nyasi zilizolaliwa, nao wakaamua hema. Wiki ya pili ya Juni, Muriuki, injinia Mkenya wa Spånga, mtaa wa jirani, aliyekuwa rafiki yao, alikuja kupima oili.

"Imeshuka sana," alisema akifuta kijiti kwa gazeti. "Gari likijiendesha lenyewe hula oili. Hakuna mtu wa kulibembeleza kwenye gia."

"Litafika Julai?"

"Litafika. Wasiwasi wangu ni wewe." Muriuki alicheka. "Ninyi Waganda mna mambo. Sisi mahari ni mbuzi, kondoo, pombe. Wewe unakata Ulaya nzima kwa ajili ya kuku mmoja!"

"Jogoo, bwana. Kuku ni wa kwenu."

"Hata kipaja hutagawa?"

"Hata shingo."

Kilichobaki kilikuwa viza ya Ufaransa. Mueni alikuwa na pasipoti ya Kenya, na yake ilikuwa imeshagongwa muhuri. Yosefu alikuwa na ile ya kijivu, ambayo Sweden huwapa watu wasio na nchi ya kuwapa pasipoti. Jumanne ya pili ya Julai aliitwa kwenye ofisi moja katikati ya mji. Alivaa koti na tai. Karani alikuwa msichana mpole mwenye faili jembamba.

"Bwana Mukasa, ombi lako limekataliwa. Hakuna uthibitisho kwamba utarudi Sweden."

Yosefu aliweka juu ya meza mkataba wake wa kazi, mkataba wa nyumba na barua ya msimamizi wake. Karani alivisoma vyote. Alisema ni vizuri, ila vinaonyesha kwamba yuko hapa, havionyeshi kwamba atarudi.

Ndipo Yosefu akatoa daftari alimoandika mita za gari kwa wiki sita, na bahasha yenye petali.

"Gari langu limekwenda huko mara ishirini na tatu," alisema. "Kila mara limerudi kabla ya chakula cha jioni."

Karani alipitisha kidole kwenye safu za daftari. Hakuona kosa.

"Ndiyo," alisema. "Lakini gari limesajiliwa Sweden. Gari halina tatizo."

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Naelewa. Wewe ndiye mwenye tatizo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango ulipo. Yosefu alitaka kupiga meza, na mkono ulikuwa umeshanyanyuka, lakini nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu kumi na wanne wenye pasipoti za rangi ile ile, wote wamevaa tai. Akautumia mkono huo kukusanya karatasi zake.

Nyumbani alikaa mbele ya ramani bila kuvua koti.

"Nenda wewe," alimwambia Mueni. "Muriuki ataendesha."

"Mimi ni wifi tu. Nikimla yule jogoo, shangazi yako atasema Olivia ameolewa na Wakamba."

"Basi hakuna harusi."

Mueni aliinuka. Alikwenda kabatini, akatoa kanzu ya mumewe, akawasha pasi. Alinyoosha mikono, akanyoosha kola, akairudia mikono.

Jumatano asubuhi ya wiki iliyofuata waliteremka pamoja. Mueni aliivalisha kanzu kiti cha dereva, akaweka koti jeusi juu yake, akafunga mkanda. Nyuma aliweka zawadi: blanketi mbili na seti ya vikombe. Yosefu alijaza maji ya kuosha kioo. Kisha alisimama dirishani pa gari, akasema kwa sauti ya chini maneno ambayo kaka husema, kwamba amefika, kwamba dada ni wake, kwamba hajamwokota njiani. Alipomaliza, gari likawaka. Lilitoa ishara, likakata kona.

"Safari njema," Bi Sandell alisema kutoka kwenye kibaraza chake.

Yosefu akaenda kuosha mabehewa.

Jumamosi alasiri simu ililia. Nyuma ya sauti ya Olivia kulikuwa na kengele na kinanda cha kusukuma.

"Umefika salama, kaka," Olivia alisema. "Jana jioni, na vumbi tele. Baba yake Rémi amekukabidhi jogoo mwenyewe. Alipiga magoti, nilimfundisha. Amekuwekea mapajani."

"Nilimshika?"

"Ulimshika."

Simu iliendelea kula pesa.

"Ningependa kukuona uso," Olivia alisema.

"Na mimi."

Gari lilirudi Jumanne saa kumi na moja jioni. Kanzu ilikuwa na doa la mvinyo kwenye pindo, na kwenye mabega punje za mchele. Jogoo alikuwa amesimama juu ya kiti cha abiria, mwekundu, mwenye kifua kama cha diwani. Mguuni alikuwa na pete ya bati yenye mihuri ya mipaka yote aliyoivuka. Yosefu aliisoma yote, moja baada ya nyingine, kisha akaikata kwa koleo.

Mueni alimpika jogoo kwa saa tatu, maana alikuwa mzee wa kutembea sana. Kisha alitoka akaenda kukaa kwa Bi Sandell, kama desturi inavyotaka. Yosefu alikula peke yake, akiwa amevaa kanzu yenye doa la mvinyo ambao hakuunywa. Alikula vipaja, kifua, mabawa na shingo. Aliandika barua kwenda Masaka, ya sentensi moja, kwamba jogoo ameliwa.

Mwezi Agosti ilifika picha. Mbele ya kanisa dogo la mawe walisimama watu wamepangana, na Volvo ya buluu imesogezwa mpaka kwenye ngazi, ubavuni pa bibi harusi, na kanzu nyeupe ikionekana kwenye usukani. Nyuma ya picha Olivia alikuwa ameandika majina kutoka kushoto: mama yake Rémi, baba yake, Rémi, mimi, kaka.

Siku hiyo hiyo ilifika bahasha ya ile ofisi. Rufaa aliyoandika Julai ilikuwa imesomwa. Uamuzi haukubadilika. Iliongezwa tu kwamba, kwa kuwa harusi imekwisha na upande wa kaka uliwakilishwa, hapakuwa tena na sababu ya safari.

Mueni alitundika picha juu ya meza ya jikoni. Muriuki alipokuja aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Umependeza, bwana," alisema. "Ila hukutabasamu."

"Jua lilikuwa linaniingia machoni," Yosefu alisema.

Akachukua kopo lake la chakula na buti zake za mpira, akatembea hadi kituo cha mwisho. Mabehewa yalikuwa yameanza kurudi, machafu ya safari.